Maswali ya Wasomaji: Mbona Riwaya Yake Inanunuliwa na Yangu Imedoda?

Mwezi huu barua tatu zimefika karibu siku moja, zote zikiuliza jambo moja kwa njia tofauti: ni kitu gani kinachofanya riwaya moja ya mapenzi igombaniwe na nyingine ipigwe na vumbi dukani. Nimeona nizijibu pamoja. Barua ya kwanza ndiyo niliyoishughulikia zaidi, kwa sababu mwenyewe aliniambatishia kitabu chake nami nikakisoma chote kwa jioni mbili.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya upili na ninaishi Umoja. Miaka miwili iliyopita nilijichapishia riwaya ya mapenzi, nakala 500, katika kiwanda kidogo cha River Road. Niliiandika kwa miaka minne. Wenzangu wawili wanaofundisha Kiswahili waliipitia neno kwa neno, na sidhani kuna kosa la sarufi ndani yake. Hadi leo nimeuza nakala 83, nyingi zikiwa zimenunuliwa na jamaa zangu kwa kunionea haya. Jirani yangu, mama anayeuza nguo Gikomba, huandika hadithi za mapenzi usiku kwa simu, kisha huzituma sehemu kwa sehemu katika kikundi cha WhatsApp, kila sehemu kwa shilingi 20. Ana wasomaji zaidi ya mia nne wanaomlipa kwa M-Pesa bila kusukumwa. Kiswahili chake kinasikitisha. Ukimtajia ngeli atadhani ni jina la mdudu. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, wahenga walikosea, au nimekosea mimi?

Mwalimu, Umoja

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa barua na kwa kitabu. Kwanza nikuondolee hofu kuhusu kalamu yako: ukurasa unaoeleza mvua ya Aprili ikiwafumania abiria Muthurwa umeandikwa na mtu anayejua kutazama, na mimi pia nimelitafuta kosa la sarufi nikalikosa. Tatizo liko mahali pengine. Jaladani umeweka bibi harusi mwenye shela, na chini ya jina la kitabu umeandika maneno "riwaya ya mapenzi". Mtu anayeona picha hiyo na maneno hayo hutoa fedha zake akijua anachokitaka. Halafu katika ukurasa wa 211 bwana harusi anagongwa na lori usiku wa kuamkia harusi, na kitabu kinafungwa makaburini. Umeandika tanzia, Mwalimu, na tanzia ni kitu cha heshima, lakini umeipeleka sokoni ikiwa imevaa nguo za kuazima. Msomaji anajiona amepunjwa, na mtu aliyepunjwa hamshauri shoga yake aende dukani.

Wanaoifahamu biashara hii wameliweka wazi sharti lake. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1980, kiliitambua riwaya ya aina hii kwa mambo mawili tu: mapenzi ya wahusika yawe kiini cha kisa, na mwisho uridhishe moyo na kuacha matumaini. Sharti hilo halikutungwa na watu waliojifungia ofisini. Mwaka 1984 Janice Radway, mtafiti Mmarekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu kundi la wanawake waliokuwa wasomaji sugu wa riwaya hizi katika mji mmoja wa eneo la kati la nchi hiyo, ambao walizoea kushauriwa na muuzaji mmoja wa vitabu waliyemwamini. Walimweleza bila kusitasita kwamba walitaka mwisho wa furaha, mwanamke mwenye akili na msimamo, na mwanamume ambaye ukali wake wa mwanzo unageuka kuwa upole. Wengine, wakikitilia kitabu shaka, walisoma kwanza kurasa za mwisho ndipo wakaamua kukinunua. Walimweleza pia jambo ambalo mimi naliona zito kuliko hayo yote, kwamba saa ya kusoma ilikuwa saa yao wenyewe, ambayo ndani yake hawakuwa wakimpikia mtu wala kumfulia mtu, na hakuna aliyekuwa akiwaita. Sasa mfikirie mwanamke anayeshuka matatu hapo Umoja saa mbili usiku, miguu ikimuuma, akiwa amebakiwa na nusu saa kabla ya usingizi. Ukitaka kuichukua nusu saa hiyo umpeleke mazishini, sharti uwe umemwarifu tangu jaladani, naye akubali mwenyewe kwenda.

Najua utauliza: mwisho ukijulikana mapema, kuna haja gani ya kusoma? Wewe na mimi tulilelewa kwa "Paukwa!" na "Pakawa!", na kabla bibi hajasogeza ukuni wa pili mekoni tulikuwa tumekwisha kujua kwamba sungura atamponyoka fisi, hata hivyo kesho yake tulimwomba arudie ngano ileile. Tulikuwa tukisubiri kusikia ataponyoka vipi. Riwaya ya mapenzi inayonunuliwa hujengwa juu ya hamu hiyo. Pamela Regis, ambaye mwaka 2003 alichapisha uchambuzi wa muundo wa riwaya hizi, anahesabu nguzo nane, na kati ya hizo mimi naona mbili ndizo zinazoleta wanunuzi: kizuizi kinachowatenganisha wapendanao, na ile saa ambayo kila kitu kinaonekana kimekufa kabla hakijafufuka. Kizuizi kikiwa chepesi, msomaji hukasirika. Katika kitabu chako wapenzi wanaachana kwa miezi saba kwa sababu barua imepotea. Nani hapa Nairobi siku hizi anategemea barua? Msomaji wako ana simu mkononi, na anajua kwamba ujumbe mmoja ungeumaliza ugomvi huo kabla chai haijapoa. Vizuizi vyenye nguvu katika mji huu unavijua kuliko mimi: mahari inayodaiwa na wajomba ambao hawakuwahi kulipa karo hata ya muhula mmoja, dini mbili katika nyumba moja, kabila ambalo mama hataki kulisikia likitajwa mwaka wa uchaguzi, mkopo wa simu uliofichwa, kazi ya Ghuba inayomchukua msichana kwa mkataba wa miaka miwili. Mambo kama hayo hayaondolewi kwa ujumbe wa simu. Yanamlazimisha mhusika abadilike, na msomaji hukesha akitaka kuona kama atabadilika.

Jambo dogo ambalo pia limekugharimu ni kwamba wapenzi wako wanaonana kwa mara ya kwanza katika ukurasa wa 47. Kurasa zote za kabla ya hapo zinaeleza mgogoro wa shamba la babu. Anayefungua kitabu akiwa amesimama dukani husoma kurasa mbili, pengine tatu, na asipomkuta mtu wa kumpenda humo hukirudisha rafuni.

Nina dhana kuhusu chanzo cha haya yote, na unisamehe ikiwa nimekosea. Sisi walimu (nasema sisi kwa sababu nami nilishika chaki kwa miaka sita) ladha yetu imelelewa na vitabu vya kutahiniwa. Humo tumejifunza kwamba kazi nzito huishia pabaya, na kwamba mapenzi hutiwa katika kisa ili yatupitishe kwenye maovu ya jamii. Ukitazama jinsi Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, au Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, zilivyoenea nchini, unaweza kudhani kwamba msomaji wa Kenya anapenda riwaya nzito kuliko nyepesi. Zote mbili ni kazi bora, sina ubishi. Lakini zote mbili ziliwahi pia kuteuliwa kutahiniwa katika shule za upili, na kitabu kikishateuliwa, anayelipa ni mzazi aliyeshika orodha ya shule, ambaye hana habari kama kisa kinaishia kwa kilio au kwa vigelegele. Yule mwanamke wa matatu hana orodha mkononi. Kitabu ambacho hakijateuliwa lazima kimshawishi yeye mwenyewe, kwa fedha zake mwenyewe.

Tuje kwa jirani yako, ambaye naona umemdharau bure. Bei yake ni shilingi 20, chini ya nauli. Yako, kama ilivyoandikwa nyuma ya kitabu, ni 750. Sehemu yake moja inasomwa ikaisha kati ya Umoja na mjini, msongamano wa Jogoo Road ukisaidia. Kila sehemu, nina hakika bila hata kuisoma, hukatwa mahali mlango unapobishwa na hatujui nani anabisha. Ufundi huo ni wa zamani. Riwaya ya kwanza ya Charles Dickens ilianza kuuzwa London mwaka 1836 kwa vijitabu vya kila mwezi vya shilingi moja moja, na jirani zetu wa Tanzania wamemzoea Eric Shigongo kwa hadithi za mfululizo magazetini, ambazo watu walizisubiri toleo hadi toleo. Hata hivyo, bei na mkato wa sehemu ni nusu tu ya habari. Kila usiku wasomaji wake humjibu. Wakimchukia shemeji, kesho shemeji anaongezewa ubaya. Wakimpenda fundi wa baiskeli ambaye alikuwa anapita njia tu, fundi anapewa jina, chumba cha kupanga na dada wa kumshauri. Wewe ulikaa na mswada miaka minne ukiwa na wasomaji wawili, wote walimu, na wote wakitazama upatanisho wa kisarufi. Lugha yake mbovu sitaitetea, kwa sababu itamfunga siku atakapotaka kitabu chenye jalada, kitakachosomwa mara ya pili na ya tatu. Ila ujue kwamba wale mia nne hawamlipi kwa ajili ya makosa. Wanayaruka kama mtu anavyoruka dimbwi akiwahi anakokwenda.

Sasa methali. Wahenga walikuwa na soko ambalo mnunuzi aliweza kulibonyeza embe na kulinusa kabla ya kulipa. Utamu wa riwaya hujulikana baada ya kulipa, kwa hiyo mnunuzi hushika alama nyingine: jina la mwandishi, picha ya jaladani, na hasa idadi ya watu waliomtangulia. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walilipima jambo hili kwa nyimbo na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Watu zaidi ya 14,000 walipewa nafasi ya kusikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana na kuzichukua walizozipenda. Baadhi yao waliamua peke yao. Wengine, waliogawanywa katika makundi yasiyoonana, waliweza kuona ni watu wangapi wa kundi lao walioichukua kila nyimbo. Palipoonekana idadi, zilizopendwa zilizidi kupendwa, zilizopuuzwa zilizidi kupuuzwa, na nyimbo zilizotamba katika kundi moja hazikuwa lazima zilezile za kundi la pili. Zilizo bora kabisa ni nadra kuanguka vibaya, na zilizo mbovu kabisa ni nadra kupanda, lakini zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, ziliweza kuangukia popote. Nadhani riwaya zetu nyingi, yangu ikiwemo, zimo katika hizo za katikati. Julia Quinn alitoa mwaka 2000 riwaya ya mapenzi ya makabaila wa Uingereza wa karne ya 19, ikapata wasomaji wake na ikatulia. Netflix ilipoanza kuonyesha tamthilia ya Bridgerton mwezi Desemba 2020, ambayo msimu wake wa kwanza umetokana na kitabu hicho, kitabu cha miaka 20 kikarudi katika orodha za vitabu vinavyouzwa zaidi. Hakuna sentensi iliyoongezwa uzuri ndani yake. Watu walioambiana ndio walioongezeka.

Kwa hiyo wahenga hawakukosea sana, ila embe na riwaya haviuzwi kwa njia moja. Una nakala 417 zilizobaki. Ningekuwa wewe, ningeagiza jalada jipya lisilo na shela, nifute yale maneno mawili yanayofuata "riwaya", nami niitembeze kwa watu wanaotaka kisa cha kuhuzunisha, nao wapo. Na jioni moja ningemwendea jirani na soda mbili, nimwombe anifundishe mahali pa kukata sehemu, nami nimpangie ngeli zake.

SWALI: Ndugu Mhariri, nauza vitabu vya mtumba kando ya Mtaa wa Tom Mboya, nimevitandaza chini juu ya gunia. Vile vidogo vya Mills & Boon huondoka ndani ya siku chache hata kama jalada limekatika pembe. Riwaya nene ya mapenzi ya mwandishi asiyejulikana hukaa mpaka jua liifubaze, na za Kiswahili nazo hukaa. Wateja wangu ni walewale. Siri iko wapi, na je, hizi za Kiswahili zina matumaini?

Muuzaji wa vitabu, katikati ya jiji

JIBU: Ndugu yangu, wateja wako wengi hawayajui majina ya waandishi wa vile vijitabu, wala hawayatafuti. Wanalijua jina la kampuni. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, na mwanzoni ilichapisha vitabu vya kila namna; ilikuja kujikita katika mapenzi miaka ya 1930. Mwaka 1971 ilinunuliwa na Harlequin, kampuni ya Kanada iliyoanzishwa Winnipeg mwaka 1949, na wakati huohuo Harlequin ilikuwa imempata kiongozi mpya, Lawrence Heisey, aliyetokea Procter & Gamble, kampuni inayojulikana kwa sabuni. Akaviuza vitabu kama alivyozoea kuuza sabuni: pakiti za sura moja, unene mmoja, bei moja, zikitoka kila mwezi bila kukosa na kuwekwa mahali mwanamke anapopita kununua maziwa na mkate.

Kama unaona hilo ni jambo la kigeni, mtazame mama wa Pwani akinunua kanga. Kabla hajalisoma jina anatafuta pindoni alama ya Mali ya Abdulla, ya wale Kaderdina wa Mombasa walioanza biashara mwaka 1887, kwa sababu akiiona hana haja ya kuuliza kama rangi itachuja. Mteja wako naye akiona alama ya Mills & Boon anainama, anachukua vitatu bila kuvifungua, analipa na kukimbilia gari. Riwaya nene ya mtu asiyejulikana inamtaka asimame, asome nyuma, apime unene wake na usiku alio nao. Na kanjo, wale askari wa jiji, wakitokea katikati ya hesabu hizo, unajua mwenyewe nani anabaki na mzigo.

Jambo la pili ni wingi. Msomaji wa mapenzi anaweza kumaliza vitabu vitatu kwa wiki, na akishampenda mwandishi anataka cha pili siku hiyohiyo. Barbara Cartland wa Uingereza aliandika vitabu 23 katika mwaka mmoja tu, 1976, na jumla ya vitabu vyake imehesabiwa kuwa 723. Sisemi vyote vilikuwa vizuri. Mimi nilishindwa kumaliza viwili. Lakini aliyependa kimoja hakuondoka mikono mitupu, ilhali kwetu mwandishi hutoa riwaya moja, kisha hukaa miaka saba, na msomaji aliyempenda amekwisha kuolewa na kuhamia Kitengela.

Za Kiswahili zina matumaini, ingawa kwa hali ilivyo sasa sikushangai ukizikwepa. Wachapishaji wetu hutazama shule kwanza, kwa sababu huko ndiko kunakonunuliwa kwa maelfu. Riwaya ya mapenzi inayotolewa kwa ajili ya mtu mzima hupigwa chapa nakala chache, na uchache huo huipandisha bei. Juu yake, tangu sheria ya mwaka 2013 vitabu vimekuwa vikitozwa ushuru wa VAT, ambao kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Kitabu kinamfikia mteja wako kikiwa ghali, kikiwa peke yake, na mara nyingi kikiwa na jina linalofanana na swali la insha. Hapo tena narudi kwenye kanga: wanawake huiacha kanga ya rangi nzuri ikiwa jina lake halimsemi mtu, na huinunua ya rangi ya kawaida ikiwa jina lake litamfikia mke mwenza bila kutamkwa. Jina la riwaya ya mapenzi lingepaswa kuchaguliwa kwa ujanja huo.

Mahali pengine Afrika wamefanikiwa kwa lugha zao na kwa miji yao. Kano, kaskazini mwa Nigeria, tangu miaka ya 1980 wanawake wameandika na kujichapishia kwa Kihausa vijitabu vyembamba vya mapenzi na ndoa, vinavyouzwa sokoni kwa bei ya chini na vinavyozungumza wazi juu ya uke wenza na binti kuozwa kwa lazima. Kimoja cha Balaraba Ramat Yakubu, mmoja wa wanaojulikana zaidi, kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa India mwaka 2012. Abidjan, nchini Ivory Coast, walianzisha mkondo wa riwaya za mapenzi uitwao Adoras mwaka 1998, na kampuni ya Cassava Republic ya Nigeria ikaanzisha Ankara Press mwaka 2014, wote wakitaka wapenzi wanaokula chakula kinachojulikana na kukwama katika msongamano unaojulikana. Na hapa hapa Nairobi, miaka ya 1970, David Maillu aliuza kupitia kampuni yake, Comb Books, vitabu vyembamba vya Kiingereza chepesi kuhusu makarani, mabosi, pombe na mapenzi ya baada ya saa za kazi. Wasomi walivikunjia uso na Tanzania ikavipiga marufuku, lakini vilisomwa na watu ambao ilidhaniwa kwamba hawasomi. Ukiviangalia vyote hivyo utaona ni vyembamba, ni rahisi, ni vingi, na mnunuzi anayakuta humo maisha anayoyaishi.

Kwa gunia lako mwenyewe, jaribu hili: usizichanganye za Kiswahili na vitabu vya masomo, kwa sababu mteja akiziona karibu na vitabu vya marudio hudhani ni za mtihani. Zitenge, ziweke jirani na vile vijitabu vinavyoondoka, uziandikie bei moja kwa kalamu kubwa. Na ukisoma moja ukaipenda, iseme kwa mdomo. Wale wanawake wa Radway hawakuchagua vitabu vyao kwa matangazo. Walikuwa na muuzaji waliyemwamini, na wewe unaweza kuwa yeye.

SWALI: Kwa Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Nairobi na naandika riwaya yangu ya kwanza ya mapenzi. Marafiki zangu wananiambia kwamba nisipotia mambo ya chumbani haitauzwa. Mama yangu ni mzee wa kanisa na ataisoma. Unanishauri nini?

Binti wa mzee wa kanisa

JIBU: Binti yangu, marafiki zako wameona mfano mmoja mkubwa na wakaufanya kanuni. Ni kweli kwamba E. L. James wa Uingereza alitoa mwaka 2011 riwaya iliyojaa mambo hayo, iliyoanzia kwenye mtandao kama hadithi ya bure ya mashabiki, na mfululizo wake ukauza zaidi ya nakala milioni 100. Wengi waliomwiga mwaka uliofuata na ule wa baadaye walitia chumvi zaidi yake na hakuna anayewakumbuka. Harlequin, ambao wanaijua hesabu hii kuliko mimi na wewe, hutenga mikondo yao kulingana na joto lake, na tangu mwaka 1997 wana mkondo wa hadithi za Kikristo ambazo mlango wa chumbani haufunguliwi kabisa, na zinanunuliwa. Kinachomuudhi msomaji ni kukuta kiwango ambacho hakukitarajia, kiwe juu au chini.

Andika kiasi ambacho kisa chako kinakidai, kisha jalada lako na maneno ya nyuma yaseme ukweli kuhusu kiasi hicho. Kama ni cha mapenzi ya staha, duka la vitabu la kanisa litakipokea, na hilo ni duka ambalo waandishi wengi wa Nairobi hawajawahi hata kulibishia hodi. Kama ni cha aina ile nyingine, usikipeleke huko, uchague jina la kalamu, na mama umwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na wanakwaya.